Nichague Mada Gani ya Utafiti wa Kompyuta za Mkononi?

Msomaji wa Kakamega anauliza: "Mwalimu, hujambo? Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa kwanza, sayansi ya kompyuta. Nataka kutafiti kompyuta za mkononi, yaani simu na tabuleti, lakini msimamizi wangu amenirudishia pendekezo mara mbili. Kwanza nilileta apu ya kuita boda boda, kisha apu ya kutambua magonjwa ya mihogo. Zote mbili alisema ni kazi ya fundi, si utafiti. Sina maabara. Nina laptopu moja na simu mbili, moja kioo kimepasuka. Ni mada gani zimebaki ambazo Wamarekani hawajazimaliza? Naomba unijibu kabla ya mwezi kwisha."

Sijambo, ndugu yangu, na pole kwa kurudishwa. Mimi nilirudishwa mara nne, na mara ya mwisho karatasi ilirudi na alama ya kikombe cha chai, nisijue kama ilisomwa au ilitumiwa kama kitambaa cha meza.

Hata hivyo, msimamizi wako hakukuonea. Apu ni jibu, na yeye anakudai swali. Jipime hivi: tuseme apu yako imefanya kazi sawasawa siku ya kwanza, kila mtu ameifurahia. Tutakuwa tumejua nini ambacho jana hatukukijua? Kama huna la kusema hapo, umetengeneza chombo, na chombo kizuri kina soko lake, ila hakikupi shahada. Kwa hiyo mwanafunzi akija kwangu simuulizi anataka simu ifanye nini. Namwuliza ameiona ikishindwa wapi.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliwatengenezea kina mama wauza samaki wa Dunga, hapa Kisumu, apu ya kuweka hesabu za mauzo na madeni. Ofisini ilipendeza kweli. Siku ya kwanza ufuoni, mama mmoja aliyekuwa akipaa mbuta alinyoosha kidole kilicholowa, kimejaa magamba, akabonyeza. Skrini haikuitika. Akabonyeza tena, ukafunguka ukurasa mwingine kabisa. Jua la saa sita nalo lilikuwa limeigeuza simu kuwa kioo cha kujitazamia uso. Akanirudishia kwa adabu, akachomoa simu yake ndogo ya vitufe, mulika mwizi, akampigia mteja, na deni akaliandika kwa kalamu kwenye kipande cha katoni.

Ilivyo ni kwamba skrini hizi hukitambua kidole kwa mabadiliko madogo ya chaji ya umeme juu ya kioo, na maji pia hupitisha umeme. Tone likidondoka, simu haijui kidole ni kipi na tone ni lipi. Mimi nilikuwa nimeijaribu apu kwa vidole vikavu, kivulini, nimekaa. Nilienda Dunga na jibu nikarudi na swali: mtu mwenye mikono iliyolowa, aliye juani, asiyeweza kuitazama skrini zaidi ya sekunde mbili kwa sababu mteja amesimama mbele yake, aingize tarakimu kwa njia gani? Swali hilo linapimika. Unahesabu makosa katika kila tarakimu mia, unapima muda, unalinganisha vitufe vya simu ndogo (kabambe), kioo na sauti. Tasnifu nzima ilikuwa pale kwenye meza ya samaki, nami nilichelewa kuiona.

Sasa, hofu yako ya pili, kwamba kila kitu kimekwisha kufanywa. Ni kweli fani hii si changa. Mnamo 1991 Mark Weiser wa maabara ya Xerox PARC kule California alieleza ulimwengu ambao kompyuta zingekuwa nyingi, za ukubwa mbalimbali, nyingine za kutosha kiganjani, hadi watu wasahau kwamba zipo. Mwaka 1993 Apple ilitoa Newton, kifaa kilichojitahidi kusoma mwandiko wa kila mtu na kikachekwa kwa makosa yake. Pilot ya kampuni ya Palm, ya 1996, ilifanya kinyume: ilimtaka mtumiaji ajifunze herufi zilizorahisishwa ili kifaa kimsome kwa urahisi, nayo ikauzika. Nani ampindie mwenziwe, mtu au mashine? Swali hilo halijazeeka. Hulioni kila mzee anapozungumza na simu yake kwa Kiingereza cha puani ili imwelewe?

Andiko ninalowasomesha wanafunzi wote ni la Mahadev Satyanarayanan wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Marekani, la mwaka 1996. Anasema kifaa cha mkononi kina mapungufu manne yasiyokwisha hata teknolojia ikikua. Daima kitakuwa na uwezo mdogo kuliko mashine iliyotulia mahali pamoja. Kinaishi katika hatari, yaani kuibiwa, kupotea, kuanguka. Mtandao wake hubadilika kutoka hapa hadi pale. Na nishati yake ina kikomo. Ukilisoma andiko hilo ukiwa Kakamega utadhani mwandishi alipanga nyumba Lurambi. Mapungufu hayo aliyataja mtu wa Pittsburgh, lakini yanauma zaidi huku kwetu, na tatizo linapouma zaidi ndipo linapoonekana vizuri. Hiyo ndiyo faida yako juu ya mwenzako wa Marekani mwenye maabara.

Nianze na mtandao. Vitabu vingi huandika kana kwamba simu ama iko hewani ama haiko. Wewe unajua hali ya tatu: alama zote zimejaa na hakuna kinachopita. M-Pesa ilipoanza 2007 haikuhitaji intaneti, kwani menyu yake ilikaa ndani ya laini na maagizo yakasafiri kama ujumbe mfupi, ndiyo maana ilienea hadi kwenye kabambe. Lakini chukua mtu anayelipa kwa menyu ya kupiga nyota, kikao kikakatika mara tu baada ya kuweka PIN. Pesa zimeenda au hazijaenda? Wengine husubiri, wengine hurudia na kulipa mara mbili. Namna ya kuhakikisha agizo lililorudiwa linatekelezwa mara moja tu ni jambo lililochunguzwa sana upande wa seva, yaani kompyuta kuu zinazopokea maagizo. Mtu mwenyewe, anayetazama skrini iliyonyamaza huku nyuma yake kuna foleni, amechunguzwa kidogo kuliko anavyostahili.

Au tazama wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na simu. Wawili wameandika habari za nyumba moja, kila mmoja akiwa nje ya mtandao. Mmoja kasema mtoto kachanjwa, mwingine kasema bado. Jioni simu zote mbili zinafika kwenye mtandao. Nani aaminiwe? Programu nyingi humfuata aliyetuma mwisho, na huo ni ujinga, kwa maana aliyetuma mwisho huenda ndiye aliyeandika mwanzo. Satyanarayanan na wenzake walipambana na jambo hili kwenye mfumo wao wa kuhifadhi faili uitwao Coda tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na siku hizi kuna miundo ya data iliyobuniwa ili nakala zipatane zenyewe bila kugombana. Upatanifu wa kihisabati, hata hivyo, haujui chanjo. Nenda ukusanye aina za migongano inayotokea kwa kweli, uzihesabu, uone ni ngapi ambazo kanuni za kawaida huamua vibaya. Kwa hilo huhitaji zaidi ya simu zako mbili, hata ile ya kioo kilichopasuka.

Kuhusu kuleta mtandao wenyewe, hapo nakuonya. Hiyo ni vita ya wenye fedha. Mnamo Julai 2020 mradi wa Loon, wa kampuni mama ya Google, ulianza kutoa intaneti hapa Kenya kwa puto zilizoelea takriban kilomita 20 juu, zikihudumia sehemu za Bonde la Ufa na magharibi, Nakuru na Kisumu zikiwemo. Januari 2021 wenyewe wakatangaza kuufunga, gharama haikubebeka. Wewe chunguza namna ya kuishi na mtandao mbovu, uwaachie wengine kuutengeneza.

Kwenye betri nitapita haraka, kwa sababu kuipima vizuri kunahitaji vifaa, na makadirio ya simu yenyewe si ya kutegemewa. Kuna kipande kimoja tu ninachokupendekezea. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia hulazwa usingizi na apu zake hunyamazishwa ili kuokoa chaji, na baadhi ya watengenezaji wa simu za bei nafuu wameongeza ukali wao juu ya huo. Sasa fikiria apu ya kumkumbusha mgonjwa dawa saa mbili usiku. Simu imelala, apu imeuawa, kengele haikulia. Chukua aina sita au saba za simu zinazouzwa sana mjini kwako, weka kengele, ziache mezani wiki mbili, uandike zilizolia na zilizochelewa. Kazi hiyo haina mbwembwe yoyote na ingenifurahisha mno kuisoma.

Nimetaja dawa makusudi, maana swali lako la Wamarekani lilinichekesha kidogo. Baadhi ya kazi zinazotajwa sana duniani katika fani hii zilifanyika umbali wa nauli ya matatu kutoka ulipo.

Chulaimbo unaijua, iko kwenye njia ya Kisumu kwenda Maseno. Katika kituo cha afya cha pale watafiti waliwafuata watu wazima 431 walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, kwa wiki 48. Wengine walitumiwa ujumbe mfupi kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Wengine ujumbe wa maneno machache, wengine mrefu wenye maneno ya kutia moyo. Na kundi la kulinganishia halikutumiwa chochote. Chupa za dawa zilikuwa na vifuniko vilivyorekodi kila zilipofunguliwa, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa "je, ulimeza?" akajibu kwa heshima ya mwulizaji. Matokeo yalichapishwa 2011. Waliotumiwa ujumbe wa kila wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dawa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa. Ujumbe wa kila siku haukusaidia kwa kiwango cha kuthibitika, na maneno mengi ya kutia moyo hayakuongeza kitu.

Angalia teknolojia iliyotumika hapo. Ni ujumbe mfupi, wa tangu 1992. Hakuna hata mstari mmoja wa programu wa kujivunia. Lakini nani angekisia kwamba ujumbe wa kila wiki ndio utakaosaidia, na wa kila siku usithibitike? Mimi ningetengeneza apu ya kila siku, tena yenye sauti.

Kule Nakuru, daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake walibeba simu kijijini kupima uwezo wa kuona, na utafiti wao wa 2015 ulionyesha kwamba kipimo cha simu kilikaribiana na chati za kawaida za ukutani. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Swali zuri zaidi liliulizwa Trans Nzoia, katika shule 50. Walimu waliwapima watoto, wengine kwa simu na wengine kwa kadi. Kwenye shule za simu, wazazi walipata ujumbe wa kuwakumbusha hospitali, na picha ya kuwaonyesha jinsi mtoto wao anavyouona ubao. Matokeo ya 2018: miongoni mwa watoto waliogunduliwa kuwa na tatizo, asilimia 54 walifika hospitalini, dhidi ya asilimia 22 kwenye shule nyingine. Kipimo kikuu hakikuwa usahihi wa simu. Walihesabu miguu iliyopita lango la hospitali.

Na ile programu ya kukusanya data, ODK, ambayo huenda umeitumia kwenye mazoezi, ilitoka Chuo Kikuu cha Washington, lakini miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuitumia kwa kazi kubwa ni mpango wa afya wa AMPATH ulioko Eldoret, kwenye upimaji wa virusi vya Ukimwi nyumba kwa nyumba. Kabla ya hapo wahudumu walitembea na vifaa vya Palm. Kwa hiyo usijidharau, wala usidharau mahali ulipo.

Turudi kwenye mihogo yako. Kuna apu inayoitwa Nuru, ya mradi wa PlantVillage pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, inayotambua magonjwa ya batobato na michirizi kahawia kwa kamera, na hufanya hivyo ndani ya simu bila mtandao. Kuitoshesha akili unde ndani ya simu kuna mbinu zake: mojawapo ni kupunguza usahihi wa namba, kutoka biti 32 hadi 8, ukubwa ukashuka hadi robo. Ukitengeneza nyingine kama hiyo, utakuwa umefika sokoni baada ya soko kuvunjika. Lakini mifumo hii yote huumwa ugonjwa mmoja: hufaulu kwenye picha za mafunzo, hushuka ikifika shambani, hasa dalili zikiwa bado hafifu, na hapo ndipo mkulima anapohitaji msaada, kwa kuwa jani likishaharibika kabisa hata mjukuu wake atamwambia. Basi uliza: anguko hilo linatokana na nini? Kamera ya bei nafuu? Lenzi yenye jasho la mfukoni? Jua la mchana? Mkono unaotetemeka? Piga jani lilelile kwa simu tano, saa tatu asubuhi, adhuhuri na jioni, halafu uone mashine inavyobadili kauli. Msimamizi wako hataweza kuita hiyo kazi ya fundi.

Lugha ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote, na ningekuwa na umri wako ningeishika mwenyewe. Kibodi nyingi za simu hubashiri neno kwa neno. Kwa Kiingereza inatosha. Sasa andika "hatutawapelekea": neno moja limebeba ukanushi, watendaji, wakati, watendewa, kitenzi na kauli yake. Kwa kibodi inayohesabu maneno mazima, "hatutawapelekea" na "sitakupelekea" ni wageni wawili wasiojuana. Kibodi inayobashiri kiambishi kwa kiambishi ingeokoa mabonyezo mangapi, na ingetoshea kwenye simu ya kumbukumbu ndogo? Halafu ongeza hali halisi ya hapa, ambapo sentensi moja huanza kwa Kiluhya, ikapita Kiswahili, ikamalizikia Sheng. Mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Maseno na wenzake wa Nairobi, umekusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, ikiwemo Lubukusu, Lulogooli na Lumarachi. Malighafi ya kuanzia ipo. Na kama lugha ya nyumbani kwenu ni mojawapo ya hizo, una kitu ambacho mtafiti wa ng'ambo hulazimika kukilipia.

Suala la faragha utakutana nalo upende usipende, hata lisipokuwa mada yako. Mnamo 2012 Amy Wesolowski na wenzake walitumia rekodi za simu zilizoondolewa majina, za wateja karibu milioni 15 wa Kenya, kuonyesha jinsi malaria inavyosafiri na watu, kanda ya Ziwa Victoria ikiwa chanzo kikubwa. Kazi ya maana sana, na wakati huohuo inakuonyesha kwamba simu ya kawaida kabisa hueleza mtu alikolala. Tangu wakati huo tumepata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kabla ya kumgusa mtu yeyote. Anza mapema, usije ukakaa miezi ukingoja muhuri. Ukitaka kulifanya lenyewe kuwa mada, tazama simu inayoshirikiwa. Wabunifu hudhani simu moja mtu mmoja. Kwetu simu ya mama ni ya mama hadi saa kumi, kisha ni ya mtoto wa masomo, na usiku baba anaangalia mpira. Matokeo ya kipimo cha hospitali yakiingia hapo, yamemfikia nani?

Kuhusu boda boda, usiitupe. Itoe kwenye kuita, maana hapo utashindana na kampuni zenye magari ya matangazo. Ndani ya simu kuna kihisi cha mwendo kinachosikia mtikisiko. Wapo waliojaribu kukitumia kutambua ajali na kuita msaada. Lakini simu ya mwendeshaji wa kwetu iko ndani ya jaketi, au imefungwa kwa mpira kwenye usukani, nayo barabara ina matuta na mashimo. Je, simu ya bei nafuu iliyo mfukoni yaweza kutofautisha shimo na anguko? Hutaangusha watu ili ujue, bila shaka. Lakini waweza kurekodi saa nyingi za safari za kawaida, kwa idhini ya waendeshaji, ukahesabu ni mara ngapi katika siku moja mfumo ungepiga ukelele wa bure. Ukelele ukiwa mara sita kwa siku, familia itazima simu wiki ya kwanza.

Ukirudi kwa msimamizi, acha laptopu kwenye begi. Mwandikie sentensi tatu kwenye karatasi moja: simu inashindwa wapi, umeiona lini kwa macho yako, na utahesabu nini. Kabla ya hapo, kaa siku mbili kwenye steji ya boda au kwenye shamba la mihogo, bila apu yoyote, na daftari. Nenda pia siku ya mvua.